Ekipe haifungi magoli: namna ya kurudisha mashambulizi, hatua kwa hatua, kwa kochi mupya

Hizi siku nilikuwa nasaidia kijana moja wa hapa Lubumbashi, amepewa ekipe ya mutaa kule Katuba. Difansi yake iko muzuri, lakini goli hakuna: bila-bila, kiisha moja-bila ya kupoteza, kiisha tena bila-bila, na basapota banaanza kubakia ku nyumba. Kila mutu anamwambia jambo moja, tafuta avansantre, mushambuliaji wa katikati. Prezida wa ekipe anasema avansantre, bamama benye kuuza maji pembeni ya tereni banasema avansantre, na yeye mwenyewe alikuya kwangu na neno ile ile: "Yaya, unionyeshe mushambuliaji moja wa kweli." Nilimwambia tungoje kwanza. Yenye tulifanya kutoka pale njo naandika hapa, juu bakochi bengi banapewa ekipe ya namna ile na habako na mutu wa kubaongoza.

Mambo ya kupasha mwili, kugawa mayo, kupanga siku za antrenema, siandiki. Ile unajua.

Hatua ya 1: Usibadilishe mutu bado

Mechi za kwanza acha ekipe icheze vile uliikuta. Robine ikikauka ku nyumba haukimbilii kununua robine ingine, unafuata tiyo mpaka fasi yenye maji imekatikia. Avansantre ni robine, iko mwisho kabisa.

Na kama prezida anakusukuma, umukumbushe 2010. Mazembe, ekipe kubwa ya hapa Lubumbashi, ilienda Abu Dhabi ku Kombe la Dunia la vilabu bila Trésor Mputu, mutu mwenye Lubumbashi yote ilikuwa inategemea, juu alikuwa amesimamishwa. Siku ya 14 Desemba bakapiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85, bakaingia fainali, na hakuna ekipe ya Afrika ilikuwa imefika pale mbele yabo. Inter ya Milan, ya Italia, ilikuya kushinda fainali 3-0, ni kweli, lakini ile 2-0 ilifungwa bila mufungaji mukubwa wa ekipe. Hata kama weye ni wa Lupopo, bapinzani ba Mazembe hapa mujini, ile mechi uliiangalia na uliruka.

Hatua ya 2: Ujue mupira inapoteaka wapi

Kamata kaye ya kawaida na biki. Chora tereni, ikate vipande vitatu: upande wetu, katikati, upande wabo, kiisha chora na surfasi yabo, lile eneo la penalti, sawa kipande ya ine. Kila mara tunapoteza mupira, mutu moja ku banki anatia alama fasi ile. Asikuwe weye, weye angalia mechi. Umupe muchezaji mwenye kuumia ao mwenye iko na kadi, kazi ile anaipenda kupita vile unafikiria, na anajifunza kusoma muchezo.

Batu batakuambia kamata video na telefone. Mi sipendi. Mutu mwenye kusimama pembeni na telefone anafuata mupira paka, na shida ya mashambulizi iko kwa bale habana mupira. Labda ukuwe na fasi ya kupanda yulu kabisa na mutu mwenye mukono haitetemeki. Kama hapana, kaye inatosha, na haiishiwi batri katikati ya kipindi ya pili.

Kiisha mechi, alama zinasema zenyewe. Zikijaa upande wetu, shida ni kutoka nyuma, kipa na difansi banapiga mupira mbele bila kuangalia. Zikijaa upande wabo lakini inje ya surfasi, mupira inafika na hakuna mutu anaingia. Zikijaa ndani ya surfasi, furahi, uko karibu. Za yule kijana zilijaa katikati, mita chache kupita mustari wa kati. Tukaangalia mechi yenye ilifuata na tukaona namna: muchezaji wa katikati anapokea pasi akiwa amepa goli ya bapinzani mugongo, hawezi kugeuka, anarudisha ku difansi, difansi inaogopa, inapiga mupira murefu, avansantre anaruka peke yake kati ya batu babili benye kumupita urefu. Kiisha basapota banamulaani. Yule mutoto hakuwa amepokea mupira moja ya ku miguu mu kipindi nzima.

Hatua ya 3: Kupokea ukiwa umegeuka

Batu tatu mu mustari, yule wa katikati anapokea kutoka kwa wa kwanza na anapeleka kwa wa tatu, dakika kumi kila antrenema. Mbele mupira ifike, anaangalia nyuma ya bega, anafungua mwili, anapokea na muguu ya mbali. Ukimuona hakuangalia nyuma, ile pasi haihesabiwi hata kama ni ya muzuri. Ni hivi tu, lakini uifanye kila siku.

Hatua ya 4: Mutu wa tatu (hapa njo utapotezea muda)

Hii hatua ilitukulia jioni mingi, na kama uko na nguvu ya kufanya kitu moja mu hii maandishi yote, fanya hii.

Wazo ni rahisi kusema. Mutu wa kwanza anapasia wa pili, wa pili anarudisha ao anapeleka pembeni kwa mugusa moja, na wakati ule wa tatu amekwisha kuanza kukimbia nyuma ya difansi, mupira inamukuta njiani. Difansi inaangaliaka mupira na mutu mwenye mupira, yule wa tatu haimuone. Kusema ni rahisi, lakini kufanya bachezaji baamini kwamba inafaa kukimbia mbele ya kuona mupira inakuya, ile ndiyo kazi.

Zoezi yenye mi natumia: mita 40 kwa 30, batu sita kwa sita, na ku kila mwisho unachora eneo ya mita nane kwenda ndani. Hauna vifaa? Chupa za plastiki zenye kujaa muchanga, zinafanya kazi yote na upepo haizibebi. Hakuna magoli. Unapata pointi kama mupira imepigwa ndani ya eneo na muchezaji ameikuta pale akitoka inje. Akiwa amesimama ndani akingoja, hakuna pointi. Sheria ni ile moja, lakini sasa sikia yenye itaharibika, juu itaharibika.

Ya kwanza, batakimbia mapema. Kila mutu anataka pointi, anakimbia wakati mwenzake angali anapambana na mupira, anafika mbele ya mupira, anasimama, bamemukamata. Usimwambie "ngoja" paka, neno ile haimusaidii, hajui angoje nini. Mwambie aangalie kichwa ya mwenye mupira. Kichwa ikiwa chini, unabakia fasi yako, unatembea pole pole. Kichwa ikipanda, unaenda kwa nguvu yote. Nilijaribu kubafundisha kwa kuhesabu, kwa firimbi, kwa kupiga makofi, na hakuna kilifaa sawa ile ya kichwa, juu mu mechi hakuna firimbi ya kukuambia kimbia, lakini kichwa ya mwenzako iko.

Ya pili, ile ekipe yenye kulinda itajifunza hila, itatuma mutu moja akae mu eneo tangu mwanzo. Weka sheria kwamba mulinzi anaingia mu eneo kiisha mupira kuingia. Lakini kiisha antrenema chache uitoe, juu mu mechi mulinzi hakuombi ruhusa, na ukiacha sana ile sheria, unafundisha bashambuliaji ulimwengu yenye haiko.

Ya tatu, usiseme mugusa mbili kwa kila mutu. Najua bakochi bengi banapenda, inaonekana sawa muchezo ya haraka. Mu ekipe yenye haina imani, mugusa mbili inazaa hofu, kila mutu anatupa mupira kwa mwenzake sawa vile inachoma. Acha bachezee bure kwanza. Yule wa pili peke yake, mwenye anaachilia pasi, njo utamuomba mugusa moja, na hata yeye paka wakati anaona mutu anakimbia.

Ya ine, tereni. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, tereni zetu ni ngumu na vumbi, mupira inaruka sawa inapenda, kwa hiyo pasi ya nyuma ya difansi unaipiga polepole, na mutu anakimbia mapema kidogo. Mvua ikianza kunyesha ya kweli, mupira inabakia mu matope, pasi ya chini inakufa katikati ya njia, hapo unaomba mupira ya yulu kidogo, na mutu anachelewa kidogo kuanza. Ni zoezi ile ile lakini muda inabadilika, na ekipe yenye ilifundishwa mu kiangazi itaonekana imesahau yote mu mwezi wa kumi na mbili. Haijasahau. Rudia siku chache mu matope na itarudi. Angalia pia upepo ya mupira yenyewe: kanuni inaomba presha kati ya atmosfera 0,6 na 1,1 ku usawa wa bahari, na mupira yenye imelainika inapoteza pasi hata kwa muchezaji wa muzuri. Fundisha na mupira ya ugumu ule ule wa mechi.

Ya tano, na hii njo ya nguvu zaidi: usikatekate zoezi. Kochi mupya anapenda kusimamisha kila dakika, aeleze, bachezaji banapoa, banaanza kucheka. Simamisha mara moja, onyesha kitu moja, acha bacheze kwa muda murefu. Kama umeona makosa ingine, andika ku kaye, ni ya kesho. Na wakati mutu amekimbia muzuri na mupira haikumufikia, mupongeze yeye kwa sauti mbele ya batu bote, juu mara nyingi atakimbia bila kupata kitu, na akiona hakuna mutu anaona, ataacha. Yule kijana, siku alianza kupongeza mikimbio ya bure, ekipe ilibadilika macho yangu yakiona. Muchezaji moja wa pembeni mwenye alikuwa anatembea mechi yote alianza kuingia ndani kila mara.

Kwa batoto ba chini ya miaka kumi na mbili, punguza eneo na uweke bane kwa bane. Sita kwa sita bale badogo banakuwa kundi moja nyuma ya mupira.

Hatua ya 5: Kujaza surfasi

Mupira ikiwa pembeni tayari kwa santre, ile pasi ya kutoka pembeni kuingia mu surfasi, naomba batu tatu ndani na moja inje: moja anakimbilia poto ya karibu, moja fasi ya penalti, ile mita 11, moja poto ya mbali, na wa ine anabakia pembezoni ya ile mita 16 na nusu kwa mupira yenye inarudi. Bote banafika wakati moja na mupira. Na santre ya chini, yenye kurudi nyuma kidogo, inapita ile ya yulu kila siku, hasa kama bashambuliaji bako bafupi.

Hatua ya 6: Shuti

Mustari ya batu kumi na tano benye kungoja kupiga shuti moja moja, tupa. Mutu anapiga mupira tatu mu nusu saa na haina mulinzi mbele yake. Weka magoli mbili karibu, mita 25, batatu kwa batatu, dakika mbili mbili, kipa ku kila upande. Bapige, bakose, bapige tena.

Hatua ya 7: Kona na turo

Chagua kona mbili, basi. Na ukumbushe bachezaji kwamba ku turo, mupira ya kurusha na mikono, hakuna ozhe (kuotea), kwa hiyo mutu moja anaweza kwenda nyuma kabisa ya difansi. Bengi habajui.

Hatua ya 8: Kuhesabu kitu ya kweli

Magoli yanachelewa kuonekana. Hata ku makombe makubwa, karibu shuti moja kati ya kumi njo inaingia, kwa hiyo ekipe yako inaweza kucheza muzuri mechi mbili na kubakia na zero, na ukiangalia zero peke yake utarudi ku mipira mirefu na kuharibu kazi yote. Hesabu mara ngapi tumeingia mu surfasi na mupira ku miguu, na mara ngapi mutu wa tatu alikimbia, hata kama hakupewa. Onyesha prezida ile karatasi kila juma, na heshima, bila kubishana naye. Kwa yule kijana goli ilikuya mu mechi yenye alama za kaye zilikuwa zimeanza kuhama tayari kutoka katikati kwenda ku surfasi, na ni avansantre yule yule ndiye alifunga, pasi ya muguu moja, kipa akiwa amelala.

Kama mipira inafika mu surfasi kwa wingi, mechi kiisha mechi, na mutu moja anaipoteza yote, hapo unaweza kumuweka banki na kujaribu mwingine. Uongee naye peke yake, siku mbili mbele ya mechi. Usimwambie mu vestiari mbele ya bengine.

Na kaye iandikwe na mutu yule yule kila mechi. Jicho ya kila mutu ni tofauti, na ukibadilisha mwandishi hautajua kama ni ekipe imebadilika ao ni biki.