Kupiga video ya mtumbwi mbioni: tazama maji

Mtumbwi unaokimbia kwenye ziwa tupu huonekana kama umesimama, maana hakuna mti wala nguzo ya kuupimia. Kinachomwambia mtazamaji kwamba wale vijana wanapiga kasia kwa nguvu zote ni maji wanayorusha. Mimi hupanga kila kitu kwa ajili ya hayo maji.

Anza na jua. Hapa Mwanza mjini ziwa liko magharibi. Kuanzia saa 10:30 jioni, ukisimama karibu na mwamba wa Bismarck ukitazama ziwani, jua liko mbele yako. Nilipojifunza kazi niliambiwa nilipe jua mgongo. Harusini sawa, lakini maji yanataka mwanga utoke nyuma yake: kasia likinyanyuka unaona uzi wa matone kutoka kwenye ncha, kila tone limewaka peke yake. Wanaopiga video za kuteleza kwenye theluji laini, huko Japani na Ufaransa, hufanya vivyo hivyo. Ule unga wa theluji hung'aa ukipata jua la nyuma na kitu cheusi cha kuuonyesha. Wao wana misitu, sisi tuna vilima vya mawe. Ndiyo maana asubuhi naipenda zaidi: napanda mtumbwi, naelekeza kamera mjini, jua linachomoza nyuma ya vilima ambavyo upande wetu bado viko gizani.

Funga mwanga. Kwenye simu, gusa kioo ukishikilie mpaka ujifunge. Ukiiachia kamera iamue, mtumbwi ukipita kwenye maji yanayometa picha nzima inazama gizani, ikitoka inapauka. Pima kwa kuangalia matone: yakigeuka doa jeupe lisilo na umbo, punguza. Rekodi fremu 100 kwa sekunde, shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/500 ya sekunde, halafu wakati wa kuhariri icheze kwa fremu 25. Sekunde moja inakuwa nne, na tone linaonekana likipanda, likisita, likirudi.

Miguu yako ielekee pale mtumbwi utakapomalizia, kisha zungusha kiuno kurudi upande mtumbwi unakotokea. Ukifanya kinyume utaishiwa mwili katikati ya mbio. Anza kurekodi kabla mtumbwi haujaingia, na usikate mpaka mkondo wake utulie. Ukiwa majini, usiegemeze kiwiko ubavuni mwa mtumbwi wenye injini, mtikisiko wote utaingia kwenye picha. Na jaketi okozi livae kabla ya kuishika kamera.

Sasa lenzi. Jioni moja ya fainali ya mbio za mitumbwi, tone liliirukia lenzi, nikalifuta kwa pindo la fulana. Asubuhi ile nilikuwa nimebeba madebe ya dagaa pale mwaloni, na mafuta yalikuwa bado kwenye kitambaa. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona kitu. Nyumbani, kila picha iliyotazama jua ilikuwa na ukungu wa rangi ya chai, na fainali nzima imo humo. Iliniuma, kwa sababu wale vijana walikuwa wamefanya mazoezi wiki nyingi na hawakupata picha hata moja ya ushindi wao.

Beba vitambaa viwili kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa: kimoja cha kunyonya maji kwa kugusa tu, kingine kikavu cha kumalizia. Na ukague lenzi ukiielekeza juani, kila baada ya mbio moja.