Kuonja stauti iliyolazwa kwenye mapipa ya mvinyo, kwa ulimi wa Mtwara

Mgeni mmoja alituachia chupa tatu za stauti, bia nyeusi, kutoka Uingereza. Vijana ninaowafundisha kazi ya kaunta hapa Shangani wakanusa, wakaonja, wakanyamaza. Mmoja akaniambia, "Kaka, hayo matunda yaliyoandikwa kwenye lebo sijawahi kuyala, nitasemaje?" Ndiyo maana naandika. Ulimi uliokulia kwenye mabibo, zambarau na uraka, ile pombe ya mabibo, una kila kitu kinachohitajika kuielewa bia hii.

Kwanza uijue. Weusi wa stauti unatokana na nafaka iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, hasa shayiri. Hii ya leo, ikishachacha, hulazwa kwa miezi kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kutumika kwa mvinyo. Pipa la kawaida la Bordeaux, eneo la mvinyo huko Ufaransa, huchukua lita 225. Baadaye huhamishiwa kwenye kasiki, yaani pipa la kuuzia bia baa, au kwenye chupa, hamira ikiwa bado hai, ichache tena humo humo na kujitengenezea gesi. Baa za Uingereza huweka kasiki kwenye chumba cha chini chenye nyuzi 11 hadi 13 na kuivuta bia kwa pampu ya mkono, bila kuiongezea gesi. Kasiki ikishafunguliwa hudumu siku chache tu, kwa hiyo sisi huku tushike chupa.

Hatua ya 1: Isimamishe. Chupa isimame wima siku nzima kabla ya kufunguliwa, ili hamira ituame chini. Chupa yetu ya kwanza ilitoka uwanja wa ndege kwa bodaboda, tukaifungua jioni ile ile. Ilitoka na tope, na ladha ya hamira ikafunika kila kitu.

Hatua ya 2: Usiipe baridi kali. Hapa ndipo wengi tunaharibu, kwa sababu joto letu limetuzoesha kudai bia ya barafu. Baridi kali huua harufu na kuuzidisha uchungu. Itoe kwenye friji, iache mezani kama nusu saa. Mwezi wa Desemba dakika ishirini zinatosha. Kipimo changu ni kiganja: shika chupa, uhesabu hadi kumi. Mkono ukiuma, bado. Ukihisi ubaridi kama wa maji ya mtungi, fungua.

Hatua ya 3: Mimina. Tumia glasi ya mvinyo, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Inamisha, mimina polepole, uishie theluthi moja. Mashapo yakianza kusogea shingoni, acha. Bia nyingi za jamii hii zina kilevi cha asilimia 8 na kuendelea, hivyo chupa moja ni ya watu watatu.

Hatua ya 4: Nusa kabla ya kunywa. Zungusha glasi, nusa mara fupi fupi, ukipumzika katikati. Harufu ya juu ni kahawa na korosho iliyozidi moto kidogo, ile ya pembezoni mwa kikaango. Chini yake kuna sukari guru. Pipa nalo huleta vanila, ambayo ni ya mti wenyewe, na kama lilikuwa la mvinyo mwekundu utakuta zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka. Ukisikia siki inayochoma pua, hewa imeingia na bia imeharibika. Usimpe mgeni.

Hatua ya 5: Onja mara mbili. Funda la kwanza ni la kusafisha kinywa, usilihukumu. La pili lishikilie, ulizungushe hadi kwenye ufizi, ndipo umeze. Sasa sikiliza ulimi unavyokauka. Mtu aliyewahi kung'ata bibo chini ya mkorosho kule Newala au Tandahimba anaujua ukakasi huu: mate yanakatika, mashavu yanavutana. Kinachofanya hivyo ni tanini, iliyomo kwenye bibo na iliyomo kwenye mwaloni na maganda ya zabibu. Tofauti ni kwamba wa bibo unakwaruza hadi kooni, ilhali wa pipa zuri unapita taratibu na kuacha utamu nyuma. Ukibaki peke yake kama umetafuna gome, bia imekaa pipani kupita kiasi.

Ugwadu nao usikutishe. Ndani ya mbao hukaa hamira za porini na bakteria, na baadhi ya watengenezaji huwaacha wafanye kazi makusudi. Ulinganishe na uraka: wa siku moja una ugwadu unaochangamsha, wa siku nyingi unakunja uso. Stauti iwe upande wa ule wa kwanza.

Hatua ya 6: Inywe na kitu cha kula. Waingereza wa karne ya 19 walishushia chaza kwa stauti. Mimi naweka pweza wa kuchoma na korosho zenye chumvi kidogo. Pilipili weka mbali, inauchochea uchungu.

Andika maneno yako kabla hujasoma lebo. Kisha rudi kwenye yale mashapo uliyoyaacha chupani, uyaonje kijiko kimoja. Yana harufu ya unga wa maandazi uliolala usiku ukiumuka. Ni hamira ile ile iliyosafiri nayo ikiwa hai.