Madoa meupe kwa samaki wa tangi: dawa isikome doa likipotea

Samaki akijisugua ubavu kwenye kokoto na kuchomoka ghafla, mmulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona vidoa vyeupe vilivyoinuka, kama chembe za chumvi, visivyozidi milimita moja, kwenye mapezi, mkia na mwili, huo ni ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Mara nyingine huanzia ndani ya matamvua na huoni doa lolote: samaki anahema harakaharaka, anaganda juu karibu na mapovu ya hewa, na chakula hagusi.

Usikurupuke. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni ugonjwa mwingine. Utando kama pamba mdomoni au mgongoni mara nyingi ni bakteria, na ukiongeza joto unamuua samaki upesi zaidi. Vipele kwenye vifuniko vya matamvua vya dume la samaki wa dhahabu si ugonjwa kabisa. Ni msimu wa kuzaliana. Pima pia amonia na nitriti, sumu za majini zinazotokana na uchafu wa samaki: zote ziwe 0. Zikizidi, badilisha maji kwanza.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Kile kidoa kiko chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kimelea kikishashiba hudondoka, hujifunika kwenye kokoto na kugawanyika kuwa mamia ya vitoto. Vitoto hivyo vina takribani siku mbili tu za kumpata samaki, na ni wakati huo vikiogelea ndipo dawa inaviua. Kwenye nyuzi 25 mzunguko huchukua chini ya wiki. Kwenye maji baridi huvuta hata mwezi. Kwa hiyo tunapandisha joto ili kimelea kitoke mafichoni haraka, na tunatibu tangi zima, si yule mwenye madoa peke yake.

Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 40. Kwa hesabu ni lita 72, lakini ukitoa kokoto na nafasi ya juu, shika lita 60. Pandisha hita nyuzi 1 kila baada ya saa kadhaa hadi 30. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe usiku wala mchana. Samaki wa dhahabu usimfikishe huko. Yeye mpe chumvi na muda mrefu zaidi.

Chumvi iwe ya mawe, isiyochanganywa na kitu: gramu 2 kwa lita, yaani gramu 120. Pima kwa mizani, yeyusha kwenye jagi la maji ya tangi, mimina gramu 40 kila baada ya saa 12, mara tatu. Kambare wadogo wasio na magamba wape nusu ya kiasi hicho, na ujue mimea laini inaweza kunyauka.

Kila baada ya siku mbili nyonya uchafu wa kwenye kokoto na ubadilishe lita 15. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza, yawe na joto lilelile, na uyatie gramu 30 za chumvi. Hapa ndipo watu wanaharibu: maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haikuondoka na mvuke. Ukitia chumvi kila unapojaza, utawachoma.

Madoa yatapotea siku ya tatu au ya nne, na yanaweza kurudi kwa wingi. Endelea siku 10 hadi 14, na si chini ya siku 7 tangu doa la mwisho. Ukichagua dawa ya malakaiti ya kijani badala ya chumvi, toa kaboni kwenye chujio, la sivyo itainyonya yote. Na usiitumie kamwe kwa samaki wa kuliwa.

Samaki mpya akae kwenye beseni lake wiki 4, na wavu wake mwenyewe. Maji ya mfuko aliokuja nao mwaga nje.