Kabla hujanunua bakuli la kioo la oveni, soma hapa kwanza

Watu wa Moshi na Arusha mlioko Marekani, na nyie mnaojiandaa kuja, haya naandika hasira bado haijaisha. Mtu akishapata nyumba yenye oveni huku anakimbilia bakuli la kioo, lile la mstatili, kwa sababu bei yake rahisi, mezani linapendeza, na kila unakoalikwa unalikuta. Limebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa kwamba linafaa kwa oveni. Sawa, linafaa. Ila masharti yapo kwenye kikaratasi kingine, maandishi ya kusomea miwani, na humo ndimo mtego ulipo.

Langu lilipasuka na machalari ndani, zile ndizi zetu za nyama. Ndizi zimeanza kulainika, mchuzi umekauka, nikavuta bakuli nje kidogo nikaongeza kikombe cha maji ya bomba, kama angefanya mtu yeyote aliyelelewa Kibosho, si ndo tunavyopika jamani? Likalia kama tairi la lori, vioo mpaka kwenye nyama, chakula chote jalalani. Kurudi dukani naambiwa hela hairudi, kikaratasi kinakataza kumwaga kitu cha baridi kwenye kioo cha moto. Maandishi makubwa ya kuuzia, madogo ya kukunyimia hela. Huku ndo wanavyoishi, kila kitu kina karatasi na karatasi siku zote iko upande wa muuzaji.

Sasa sikiliza. Vioo viko vya aina mbili. Kuna borosiliketi, hiyo ikipata moto haitanuki sana, na kuna kioo cha kawaida cha soda na chokaa kilichokazwa kiwandani, hicho kinatanuka kama mara 3 zaidi. Cha pili kinavumilia kuanguka, ila joto likibadilika ghafla hakina msamaha. Bakuli za kampuni ya Pyrex zinazotengenezwa Ufaransa ni borosiliketi, za Marekani siku hizi ni hicho cha kawaida, kwahiyo usiseme "mama mdogo yuko Ulaya analo hilohilo na halijawahi kupasuka". Halafu hata hiyo borosiliketi usiijaribu makusudi.

Maji ya baridi kwenye kioo cha moto, hapana. Kulitoa friza na kulitia kwenye oveni ya moto, hapana. Kulitoa oveni ukalituliza kwenye sinki lenye maji au juu ya kaunta ya mawe, hapana, weka kitambaa kikavu. Juu ya pleti ya jiko hapana kabisa, hata moto mdogo, hata dakika moja, na ule moto mkali wa juu wa kubabua nao hapana. Oveni ipate joto kwanza ndo uingize bakuli, na kama ni nyama weka maji kidogo chini tangu mwanzo. Ukiona mchuzi unakauka, usiongeze maji kwenye kioo cha moto, hata ya birika, hamishia kwenye sufuria umalizie huko. Narudia, maji ya bomba HAPANA.

Ukiangalia vizuri, hayo yote yaliyokatazwa ndo mapishi yetu. Sisi tunaanza na kitunguu kwenye mafuta, tunakaanga nyama, tunaongeza maji kadiri tunavyoonja. Kwahiyo ushauri wangu, kioo kibaki cha makaroni na keki, cha kupikia tafuta sufuria nzito ya chuma iliyopakwa enameli, yenye mfuniko. Inakaa kwenye jiko, inaingia oveni, inakuja mezani. Bei ya mpya za Le Creuset itakukimbiza, ila kuna zisizo na jina na kuna maduka ya mitumba, pita huko kama unavyopita soko la mitumba la Memorial pale Moshi, pitisha kidole ukingoni, ikiwa enameli imebanduka ndani iache. Angalia pia kishikio cha mfuniko, cha plastiki hakiwezi moto mkali. Lita 5 zinatosha familia. Pima oveni yako kwa ndani. Nyuzi 350 za Marekani ni kama 180 zetu.

Sasa mashangazi wa Rau na Sakina, nawapenda, ila "niletee na mimi bakuli la kioo" mtaniua. Begi ni kilo 23, na nyumbani jiko ni la mkaa na gesi ya pleti mbili, mtalibandika humo nawajua. Kama mnataka chakula kikae cha moto, hotpoti ya soko la Mbuyuni inashinda kioo mbali sana.

Jambo moja la wenyeji nalipenda, jirani akifiwa wanampelekea chakula kwenye bakuli la oveni. Ila wanaacha mlangoni wanaondoka, aisee, nani atakaa na wafiwa? Na kanisani kila mtu akija na chakula chake mabakuli yanafanana yote, bandika utepe chini uandike jina, la sivyo lako litaondoka na mwingine.