Tangazo lisilomleta mzazi dirishani

Mimi ni karani wa shule, mwaka wa 17 sasa, na kwenye droo yangu kuna daftari lisilohusu ada wala mahudhurio. Humo naandika maswali ambayo wazazi huja kuniuliza dirishani baada ya tangazo kubandikwa. Tangazo moja la sare liliniletea maswali 23 kwa siku 2. Lilikuwa limeandikwa na mtu aliyekwisha kujua anachotaka kusema, yaani mimi, akasahau kwamba msomaji hajui. Kila swali la daftarini ni sentensi iliyokosekana ubaoni, na ushauri mwingi ninaoutoa hapa kuhusu kuandika matangazo ya shule nimeutoa humo.

Kwanza saa, maana hapo ndipo nilipoaibika zaidi. Niliandika "Kikao cha wazazi, Jumamosi saa 8:00". Nilimaanisha asubuhi, kwa saa ya kompyuta. Nusu ya wazazi wakaja asubuhi, nusu wakaja saa nane mchana wakamkuta mlinzi peke yake. Tangu hapo naandika kwa maneno, "saa mbili asubuhi", bila nukta wala sufuri. Tarehe nayo naiambatanisha na siku yake: "Jumatatu, tarehe 9 Machi". Nikikosea moja, siku na tarehe zitagombana na mtu atanishtua mapema. "Kesho" na "wiki ijayo" nimeyafukuza ubaoni, kwa sababu karatasi hukaa wiki 3 na kila anayeisoma ana kesho yake.

Kwenye sare, balaa ni rangi. Niliwahi kuandika "sketi ya bluu" nikaona nimemaliza. Akaja mzee mmoja na mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza: "Binti yangu, bluu ipi?" Nikaanza kueleza kwa mikono, na rangi haielezeki kwa mikono. Siku hizi nakata kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa kiganja, nakibana kwa pini kando ya tangazo, na kingine nakiweka ofisini ili fundi aje akilinganishe nje, mchana, si chini ya taa. Picha ya simu haisaidii, kila kioo kina bluu yake. Ubao ukiwa juani, kibadilishe kipande mara kwa mara; kikipauka utakuwa umetangaza sare mpya bila kujijua.

Urefu vilevile. "Chini ya goti" kila fundi ana tafsiri yake. Andika: "Sketi iishie vidole 4 chini ya goti, mtoto akiwa amesimama wima", na uongeze kwamba fundi aache pindo la sentimita 5 la kufumua baadaye. Halafu ile sentensi ambayo wakuu wa shule hupenda kuiruka: sare ya zamani itavaliwa hadi lini? Usipoisema, mama mwenye watoto 3 atadhani wote wanatakiwa kung'aa Jumatatu. Kama mzazi yuko huru kushona kwa fundi yeyote, liandike hilo waziwazi, la sivyo itavuma kwamba shule ina fundi wake. Anayeshindwa, mwambie amwone mwalimu wa darasa. Tangazo la sare linaloanza na vitisho husomwa mstari wa kwanza tu.

Nafasi za kazi ni rahisi kidogo. Taja kazi, idadi ya nafasi, saa za kazi, na utenganishe sifa za lazima na zile ambazo ni nyongeza tu, maana ukizichanganya anayefaa anakata tamaa. Omba nakala za vyeti, usiombe vyeti halisi. Niliwahi kuachiwa cheti halisi cha mtu na usiku ule sikulala. Weka siku na saa ya mwisho wa kupokea maombi. Andika pia kwamba mwombaji hatozwi chochote, kwa kuwa matapeli hunakili tangazo, wakabadilisha namba ya simu na kuanza kudai "ada ya fomu". Kazi yoyote inayomkutanisha mtu na watoto, hata ya kutunza bustani, sema kwamba taarifa za mwombaji zitahakikiwa kwa waajiri wake wa zamani. Wapo watakaoghairi wakisoma hivyo. Sawa tu.

Ujenzi ndio unaotaka akili. Msimamizi wa ujenzi atakuletea maneno yake, "awamu ya pili ya uchimbaji wa mtaro", ilhali mzazi anataka kujua mtoto ataingilia lango lipi. Anza na hilo. Na kabla hujaandika, itembee njia hiyo kwa miguu saa ya watoto kuingia. Mimi nilitembea nikagundua kwamba njia tuliyotaka kuwaelekeza inapita pale malori yanaporudi kinyumenyume. Dereva aliyekaa juu kwenye kabini hamwoni mtoto aliyesimama karibu kabisa na bampa ya mbele, wala aliye nyuma. Tukaongea na msimamizi, akakubali kuyazuia malori saa hizo, nami nikaandika hivi:

"Kuanzia Jumatatu, tarehe 9 Machi, lango kubwa litafungwa. Wanafunzi wote waingilie lango dogo, upande wa maktaba. Magari yashushie watoto uwanjani, si barabarani. Mbele ya lango kubwa kunachimbwa mtaro wa maji ya mvua. Malori hayatapita kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wala kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Ukiliona lori ndani ya muda huo, piga simu ofisini. Mwenye mtoto wa pumu amwarifu mwalimu wa darasa kuhusu vumbi."

Tarehe ya kumaliza sikuiweka, wala sitaiweka hata msimamizi aape. Naandika "hadi tutakapotangaza tena" na kila Ijumaa natoa taarifa, hata kama hakuna kilichobadilika. Katazo nalo lipe sababu. "Msikaribie" haimtishi mtoto. Mwambie kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na ukingo wa mtaro ukimporomokea hajitoi. Na kwamba zege bichi huunguza ngozi.

Ukituma kwa ujumbe mfupi wa simu, nafasi ni herufi 160. Ila ile alama iliyo kati ya g na a katika "ng'ambo", simu ikiigeuza ikapinda, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70 na unalipia jumbe 2 au 3. Tumia alama iliyonyooka, au tafuta neno lingine.

Mwisho nampa mlinzi karatasi, asome mara moja, kisha namuuliza Jumatatu atafanya nini. Akisita, narudi kuandika. Tangazo la mtaro alilipita bila kusita, na dirishani likaniletea swali moja tu, la mvulana wa darasa la sita: baiskeli tuziweke wapi? Sikuwa nimeandika.