Somo: Jinsi ya kutoa efekti za sauti kwenye CD na kuzipanga zisipotee

Wakuu habari zenu. Najua kuna watu wana CD za efekti zimejaa kwenye maboksi, milango, mvua, nyayo, injini, halafu wakihitaji sauti moja wanaanza kuhangaika intaneti. Leo naelekeza ninavyofanya mimi, na niseme mapema, kutoa sauti kwenye CD ni kazi ndogo, kazi yenyewe iko kwenye majina. Niliwahi kuingiza CD kama arobaini kwa siku mbili nikajua nimemaliza, kumbe faili zote zinaitwa Track 01, Track 02, ikabidi nirudie moja moja.

Hatua ya 1. Safisha CD kwa kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Mkwaruzo wa upande wa chini draivu mara nyingi inauvumilia, ule wa upande wa lebo ndio hatari maana data iko pale pale chini ya rangi.

Hatua ya 2. Programu. Windows chukua Exact Audio Copy, Mac chukua XLD, Linux ipo cdparanoia, zote bure. Programu za kawaida za kupigia muziki zikikutana na kosa zinaziba pengo kimya kimya, hizi zinarudia kusoma kipande kilekile mpaka majibu yafanane, na zikishindwa zinakwambia. Kwenye wimbo mlio mdogo wa "tk" unafunikwa na ngoma, ila kwenye sauti ya chumba kitupu utausikia kila mara.

Hatua ya 3. Hifadhi kwa WAV au FLAC, MP3 hapana. Sauti ya CD ni 44.1 kHz, biti 16, dakika moja ni kama MB 10, kwa hiyo CD nzima ya dakika 74 haifiki MB 800, na FLAC inapunguza karibu nusu bila kupoteza kitu. Siku utakapotaka kuushusha mlio wa mlango wa kabati oktavu nzima, yaani uwe mzito zaidi, usikike kama geti la ngome, uchafu wote wa MP3 utajitokeza. Na usipandishe volyumu ya faili za akiba, ziache zilivyo.

Hatua ya 4, na hapa ndipo wengi wanapoteza sauti bila kujua. CD mwisho wake ni traki 99, sasa watengenezaji wa CD za efekti walikuwa na sauti nyingi kuliko hapo, wakatumia indeksi, yaani alama zilizofichwa ndani ya traki. Traki moja ya "Milango" unaweza kukuta ina milango kumi na tano na kompyuta inakuonyesha faili moja tu. Kwenye Exact Audio Copy tafuta mapengo ya traki kwanza, halafu tengeneza faili ya CUE, yaani orodha ya traki na indeksi zake, ifungue kama maandishi ya kawaida. Ukiona INDEX 02 01:12:37 maana yake sauti ya pili inaanza dakika 1, sekunde 12 na fremu 37, na sekunde moja ina fremu 75, kwa hiyo ni karibu nusu sekunde baada ya 12. Kata hapo.

Hatua ya 5. Majina. Soma kijitabu cha CD, andika mwenyewe. Mimi nafuata UCS (Universal Category System), mpangilio wa kupa majina efekti za sauti, ni wa bure na una vifupisho vya makundi tayari, mwishoni tu nimeubadilisha kidogo:

DOORWood_Mlango mzito unabamizwa ukumbini_CD07_T12i03

Yaani traki ya 12, indeksi ya 3, CD ya saba. Weka kitendo, weka mahali, sema ni karibu au mbali. "Mlango 4" haitakusaidia chochote mwakani. Kijitabu kiskani ukiweke folda hiyohiyo, kisha nakala ya pili kwenye diski nyingine.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Yangu haina indeksi ila traki moja ina nyayo ishirini zimefuatana, nakata kwa mkono?
Jibu: Hapana mkuu, fungua Audacity, programu ya bure ya kuedit sauti, kuna zana inayotafuta ukimya na kuweka lebo kwenye kila sauti, halafu unatoa faili nyingi kwa mkupuo. Ila sikiliza mikia, mwangwi usikatwe.

Swali: CD moja ya zamani sauti zake kali mno, kama zinachoma masikio. Draivu mbovu?
Jibu: Angalia CUE, ukikuta FLAGS PRE basi CD ilirekodiwa treble ikiwa imepandishwa makusudi, deki ya CD ilikuwa inaishusha yenyewe wakati wa kupiga. Tumia SoX, programu ya bure ya kubadilisha faili za sauti, efekti yake ya deemph, itakaa sawa.

Swali: Video zangu ni 48 kHz, nibadilishe zote kabisa?
Jibu: Usiguse. Programu ya kuedit inabadilisha yenyewe ukiiingiza.

Swali: Nikishamaliza naweza kumpa rafiki yangu folda nzima?
Jibu: Soma leseni kwenye kijitabu kwanza. Mara nyingi unaruhusiwa kutumia sauti ndani ya kazi yako, kugawa faili zenyewe ni kitu kingine na wengi wanakataza.