Jinsi ya kusoma hataza za picha za kitabibu, bayometriki na uhandisi jeni

Watafiti wengi wanaoniletea hataza (patenti, yaani hati ya kisheria inayolinda uvumbuzi) ili niwasomee huwa wameshapitia muhtasari, wametazama michoro, na wamekata tamaa kwa kuamini kwamba wazo lao limekwisha kumilikiwa na mtu mwingine. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Wako pia wanaoamini wako salama kwa sababu tu jina la hataza linataja jambo tofauti na lao, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Pande zote mbili zimeruka sehemu ya madai, ambayo ndiyo pekee inayoweka mipaka ya kile kinacholindwa. Hatua zifuatazo zinamfikisha msomaji kwenye madai akiwa amejiandaa, kisha zinamwonyesha la kufanya akishayasoma.

Hatua ya 1: Tafuta kwa misimbo ya uainishaji

Espacenet na Patentscope ni hifadhidata za bure, na zote mbili hukubali utafutaji kwa maneno. Tatizo ni kwamba waandishi wa hataza hupenda maneno mapana, kiasi kwamba skana ya MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) yaweza kuitwa kifaa cha kupima mwitikio wa viini vya atomi bila neno skana kutajwa popote. Misimbo ya uainishaji, yaani alama za mada ambazo ofisi za hataza huipa kila hati, haina utata huo. Eksirei na CT ziko A61B 6, ultrasaundi iko A61B 8, na MRI imegawanyika kati ya A61B 5/055 kwa upande wa uchunguzi wa mwili na G01R 33 kwa upande wa fizikia ya mashine. Bayometriki, yaani utambuzi wa nyuso, vidole na macho, iko G06V 40. Uhandisi jeni uko C12N 15, na vipimo vya asidi nukleiki (DNA na RNA) viko C12Q 1/68.

Njia ninayoipendelea ni kuanza na hati moja ninayojua inahusika, kunakili misimbo yake, kutafuta kwa misimbo hiyo pamoja na maneno mawili au matatu, kisha kufuata hati ilizozitaja na zile zilizoitaja baadaye.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa mbele kwa namba zake

Namba ndogo zilizo ndani ya mabano zina maana ileile duniani kote: 22 ni tarehe ya kuwasilisha maombi, 30 ni kipaumbele, yaani maombi ya kwanza ya uvumbuzi huo ambayo tarehe yake hutegemewa, 54 ni jina la uvumbuzi, 72 ni mvumbuzi, na 73 ni mmiliki. Angalia pia herufi inayofuata namba ya hati. A1 kwenye hati za kisasa ni maombi yaliyochapishwa tu, ilhali B1 au B2 kwenye hati ya Marekani ni hataza iliyokwisha kutolewa. Madai ya A1 kwa kawaida ni mapana kuliko yatakayobaki baada ya mkaguzi kuyapunguza, kwa hiyo usibadili mradi wako kwa sababu ya A1 kabla hujajua maombi hayo yaliishia wapi.

Hatua ya 3: Likate dai la kwanza vipande vipande

Dai huru husimama peke yake. Dai tegemezi hutaja dai lililotangulia na kuliongezea sharti. Chukua kila dai huru, liandike upya katika jedwali kwa kuweka kila sharti kwenye mstari wake, kisha uulize kwa kila mstari kama sharti hilo limo katika kifaa au mbinu yako. Dai huingiliwa pale masharti yake yote yanapopatikana, na ndiyo maana dai fupi ni la kuogopwa kuliko dai refu: kila sharti linaloongezwa hupunguza eneo linalolindwa. Angalia pia kiungo kinachotangulia orodha ya masharti. Dai la kifaa "kinachojumuisha" sehemu fulani hukigusa hata kifaa chenye sehemu nyingine za ziada, lakini dai la mchanganyiko "unaoundwa na vitu hivi pekee" hukwepwa kwa kuongeza kitu kimoja.

Mfano ninaoupenda ni hataza ya Marekani namba 3,789,832 ya Raymond Damadian, iliyoombwa Machi 1972 na kutolewa tarehe 5 Februari 1974. Jina lake linataja kifaa na njia ya kugundua saratani katika tishu, na michoro yake inaonyesha mtu akiwa ndani ya mtambo mkubwa. Anayeitazama leo huona skana ya MRI. Dai la kwanza, hata hivyo, lina hatua tatu: kupima na kuweka viwango vya muda ambao viini vya atomi huchukua kurejea katika utulivu, katika tishu nzima na katika tishu yenye saratani, kupima muda huohuo katika tishu inayoshukiwa, na kulinganisha matokeo na viwango hivyo. Hakuna hatua inayotengeneza picha. Njia ya kujenga picha kwa kutumia gradienti za sumaku (nguvu ya sumaku inayobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine) ilichapishwa na Paul Lauterbur mwaka 1973, na yeye pamoja na Peter Mansfield ndio waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Msomaji wa haraka angehitimisha hapo kwamba hataza ya Damadian haikuweza kuzigusa skana zinazotoa picha. Angekuwa amekosea. Kampuni yake, Fonar, iliishtaki General Electric, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilithibitisha kwamba dai hilo liliingiliwa kwa kanuni ya ulinganifu, yaani kanuni inayohesabu kitu chenye tofauti ndogo isiyo ya msingi kuwa sawa na sharti lililoandikwa. Fidia iliyothibitishwa, kwa hataza hiyo pamoja na nyingine ya Fonar, ilizidi dola milioni 100. Kwa hiyo, katika jedwali lako, usiweke "limo" na "halimo" peke yake. Ongeza safu ya tatu kwa masharti yanayokaribiana, na hayo ndiyo umpe wakili kwanza.

Hatua ya 4: Tafuta hataza iliyo juu ya hataza

Hataza humpa mmiliki haki ya kuwazuia wengine, lakini haimpi ruhusa ya kutumia uvumbuzi wake mwenyewe. Bayometriki inalionyesha jambo hili vizuri. Madaktari wa macho Leonard Flom na Aran Safir walipata mwaka 1987 hataza ya Marekani namba 4,641,349, yenye madai mapana juu ya kumtambua mtu kwa irisi, yaani duara lenye rangi linalozunguka mboni. Mwaka 1994 John Daugman alipata namba 5,291,560 kwa njia mahususi ya kugeuza mistari na madoa ya irisi kuwa msimbo wa biti (sifuri na moja), kisha kupima ni biti ngapi zinatofautiana kati ya misimbo miwili. Njia ya Daugman ndiyo iliyofanya kazi hiyo iwezekane kwa kompyuta, lakini aliyetaka kuitumia alihitaji pia kibali cha hataza ya kwanza hadi ilipokwisha mwaka 2005. Ukikuta hataza nyembamba inayokuhusu, daima tafuta ile pana iliyoitangulia.

Hatua ya 5: Hesabu tarehe

Kanuni ya jumla ni miaka 20 tangu maombi yawasilishwe, mradi ada za kuidumisha zinalipwa. Hataza za zamani za Marekani ziliweza kuhesabiwa miaka 17 tangu kutolewa, kama ile ya Stanley Cohen na Herbert Boyer ya kuunganisha vipande vya DNA, namba 4,237,224, iliyotolewa tarehe 2 Desemba 1980 na kuisha Desemba 1997.

Hataza hiyohiyo ina somo jingine, na ningependa kila mtafiti kijana alisikie kabla hajatuma makala. Makala yao ilichapishwa Novemba 1973, na maombi yakawasilishwa tarehe 4 Novemba 1974. Sheria ya Marekani iliwapa mwaka mmoja wa msamaha baada ya kuchapisha. Katika nchi nyingi nyingine uvumbuzi ulikuwa umekwisha kupoteza upya wake, na haki ikapotea.

Hatua ya 6: Pima kama dai lingesimama mahali unapofanya kazi

Hataza hutumika katika nchi au kanda iliyoitoa tu, na maombi ya kimataifa ya PCT (mkataba wa ushirikiano wa hataza kati ya nchi) peke yake hayampi mtu hataza. Tarehe 13 Juni 2013, katika kesi ya kampuni ya vipimo vya jeni ya Myriad, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kipande cha DNA cha asili hakistahili hataza kwa sababu tu kimetengwa, lakini DNA iliyotengenezwa maabara kutokana na RNA mjumbe yaweza kustahili. Ulaya, kwa upande wake, haitoi hataza kwa mbinu za tiba au za uchunguzi wa magonjwa zinazofanywa juu ya mwili, ingawa vifaa vya uchunguzi vinastahili. Ndiyo maana uvumbuzi mmoja wa picha za kitabibu huandikwa kama kifaa, au kama njia ya kuchakata data, unapopelekwa Ulaya.

Hatua ya 7: Kamilisha jedwali na ulirudie

Mpelekee wakili namba ya hati, nchi, hali ya ada, tarehe ya mwisho, madai huru yaliyokatwa vipande, na safu yako ya tatu. Rudia utafutaji kabla ya kuchapisha, kabla ya kuingia mkataba na kabla ya kuuza, kwa sababu maombi yanayowasilishwa leo kwa kawaida hayaonekani hadharani hadi miezi 18 ipite tangu tarehe ya kipaumbele.